Pasi ya Blanketi la Mjukuu wa Pili

Jumatatu, 16 Juni 2025

Imetema tena! Maji ya kahawia, katikati kabisa ya kiraka cheupe. Na si kiraka chochote — ni mgongo wa shati alilovaa marehemu mume wangu Shedrack siku aliyostaafu kiwandani. Nililikata mwenyewe, nikalishona bila kosa, halafu hili dubwana linakuja kulitemea mate ya kutu.

Pasi ya mvuke. Faustin, mume wa binti yangu Rachel, aliniletea Krismasi. Nyepesi kama kikombe cha plastiki. Kitako chake kimejaa matundu, na kila tundu linaacha alama kwenye mshono. Ukiinama kidogo kupanga viraka, inajizima. Ati usalama! Ukiigusa inaamka na kikohozi. Huyu ni mgonjwa wa kifua, si pasi.

Nimefundisha sayansikimu katika shule ya mashamba ya miwa mpaka nywele zikawa nyeupe. Niliwaambia watoto: nguo ya kuvaa unaipitishia pasi, kiraka unakikandamiza. Unaishusha pasi, unahesabu pumzi, unainyanyua. Ukiburuta, kitambaa kilichokatwa mshazari kinavutika, na mraba wako unakuwa kitu kingine. Sasa utakandamizaje na chombo kisicho na uzito? Nakilalia kwa kifua mpaka bega linauma.

Ubatizo ni tarehe sita Julai, huko Mkuu, Rombo. Rachel yuko kwa mkwe wake Odilia tangu Aprili, anakula uzazi — mtori wa ndizi asubuhi, mtori jioni. Mtoto wa kiume, wa pili. Rombo kuna baridi sasa. Namtengenezea blanketi la viraka kwa mashati ya babu yake. Kamusi inaita mfarishi. Mimi naita blanketi.

Na ataitwa Shedrack. Utaratibu ni wao, sikuutunga mimi: mvulana wa kwanza anachukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Wa kwanza alipoitwa Kalist, jina la marehemu mume wa Odilia, sikufungua mdomo. Nilipiga vigelegele. Kwetu Iramba tulikuwa na namna yetu ya kutoa majina, nusu nimeshaisahau. Nimeishi kwa desturi za watu muda mrefu kuliko zangu. Sasa zamu yetu imefika.

Jumanne, 17 Juni

Ndimu na chumvi, juani. Kutu imetoka, imebaki rangi ya chai iliyopauka. Anayejua ataiona. Mimi najua.

Jioni nikatoa pasi ya mkaa. Uzito safi, kitako laini kama kioo. Nikafanya viraka vya drafti, vikalala kama karatasi. Nikasahau kuikung'uta. Majivu! Na cheche ikaruka kwenye shati la kijani la tetroni — tobo, kingo zimejikunja kama plastiki iliyoungua. Ndiyo plastiki hasa, tetroni ni nini kingine.

Mary wa nyumba ya pili akachungulia dirishani. "Mwalimu, unachoma nyama?" Nikamwambia nachoma mume wangu. Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Alhamisi, 19 Juni

Mjini, dukani kwa Mitesh. Rafu nzima ya pasi, na zote ndugu mmoja: matundu, vitufe, tangi la maji kama tumbo la samaki. Nilikwenda na viraka vyangu na kitambaa chenye unyevu. Nikamwomba achomeke moja nijaribu.

"Mwalimu, hii ni dukani, si jikoni kwako."

"Kwani kiatu unauza bila mtu kukivaa?"

Akachomeka. Wateja wakakusanyika kana kwamba naongea na nyoka. Ncha butu, haiingii kwenye kona. Waya mfupi. Ya pili nikaipima mkononi — hewa! Nikauliza ya chuma, kavu, isiyo na maji.

"Mwalimu wangu, zama za chuma zimepita. Sasa watu wanataka nyepesi."

"Watu gani?"

"Watu wanaonunua!" Duka zima likacheka.

Mama yake, Dhanbai, alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Ananizidi umri, na anajua viraka. Wao wana blanketi zao za sari kuukuu. Nikamwuliza yeye anatumia pasi gani. Akasema, "Sisi hatupigi pasi. Tunakalia. Ukoo wote unakalia, mwaka mmoja linanyooka."

Hapo nilicheka. Lakini mimi sina ukoo wa kukalia blanketi. Niko peke yangu hapa Pasua, na siku zinakwenda. Nilitoka mikono mitupu, nimejaa hasira mpaka nikaipita njia ya nyumbani bila kuiona.

Jumamosi, 21 Juni

Rachel amepiga simu. Sauti ya chini, ya mtu aliyejificha nyuma ya banda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna nini?"

Kuna jina. Flavia, dada wa Faustin, amekuja kutoka Dar na jina lake: Given. La kisasa. Ati Shedrack ni jina la kizee, mtoto atachekwa shuleni. Given! Nimefundisha akina Given darasa zima. Hakuna aliyechekwa, na hakuna aliyejua jina lake lilitoka kwa nani.

Nikasema Flavia ana haki ya kupenda anachopenda. Odilia amesemaje? Rachel akaanza kumung'unya maneno. Nikamvuta neno kwa neno kama mwiba.

Odilia amesema jina la mtu lazima liwe na kihamba, shamba la migomba la ukoo wanakozikwa wazee. Babu huyu amelala wapi? Kwenye makaburi ya kando ya miwa, upande wa Kahe, pamoja na watu wa kila mkoa. Hana mgomba, hana shina. Mtoto akibeba jina hilo, wazee watamwita kutoka wapi? Na mtu mwingine pale jikoni — Rachel hataki kumtaja — akasema basi, mbona mambo ni rahisi, jina la chasaka haliwezi kuingia kihambani.

Chasaka. Mtu wa porini. Mtu asiye Mchagga. Nilikuja hapa msichana wa miaka ishirini na mbili. Nimewafundisha watoto wao kunawa mikono, kukata nguo, kupika bila kuunguza sufuria. Shedrack alitengeneza mitambo iliyotoa sukari wanayoweka kwenye chai yao. Chasaka!

"Mama, usilikuze," Rachel akasema.

Sikulikuza mimi. Nililikuta kubwa.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda kanisani. Nimekata herufi. S-H-E-D-R-A-C-K. Kitambaa cha ovaroli yake ya bluu, ile yenye harufu ya grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya kipande. Zitashonwa juu ya blanketi, katikati, kubwa. Asomaye na asome.

Tatizo ni S. Kukunja ukingo wa S kunataka ncha kali na moto usiotikisika. Sina pasi!

Jumanne, 24 Juni

Kiboriloni, sokoni. Nilipita marundo ya mitumba, viatu, masufuria. Nikaiona chini, kati ya redio mfu na bomba la baiskeli. Ya umeme, kavu. Chuma kitupu, mpini mweusi, ncha kama mdomo wa ndege. Kitako hakina tundu hata moja.

"Bibi, hiyo ni ya kuzuilia mlango," akasema muuzaji.

"Basi niuzie ya kuzuilia mlango."

"Kama ni ya kufanyia kazi, bei inapanda!"

"Umeshasema ni ya mlango. Wenzako wamesikia." Wenzake wakamzomea. Nikaichukua.

Fundi wa umeme akaweka waya mpya, mrefu, na plagi. Kitako nikakisugua kwa chumvi juu ya karatasi, kisha nta ya mshumaa, kisha kitambaa. Nikaichomeka nikasubiri. Nikajaribu kwanza kwenye makombo: pamba haikubadilika rangi, tetroni chini ya kitambaa chenye unyevu haikujikunja. Nikaweka S.

Ikatua. Hilo ndilo neno. Pasi nzuri kwa kazi hii haikimbii, inatua. Kisha viraka: nilikandamiza mshono kwanza kabla ya kuufungua, nikaachia upoe, ndipo nikaulaza kuelekea kitambaa cheusi, usionekane chini ya cheupe. Kona zikakutana. Nikapitisha kidole, sikuhisi kitu.

Nimelia kidogo. Kwa hasira. Kwamba kitu kizuri hivi mtu anakiita cha kuzuilia mlango.

Alhamisi, 3 Julai

Blanketi limekwisha, isipokuwa K. Ukingo wake nitaumalizia huko huko kwa mkono. Mabega yanauma. Faustin alipiga, akauliza kama nahitaji usafiri. Nikamwuliza kuhusu jina. Akasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Jumamosi, 5 Julai. Mkuu

Nimefika mchana. Ukungu, matope, migomba inadondosha maji. Odilia akanikumbatia mlangoni.

"Karibu mkwe, karibu! Umekonda. Moshi hakuna ndizi?"

"Zipo. Zinatushukia mkishachagua."

Akacheka, akanipiga begani. Mwanamke huyu nampenda, ndiyo shida yenyewe. Amemtunza Rachel vizuri — mashavu yamejaa, maziwa tele. Mtoto ana paji la uso la Shedrack. Mikunjo miwili ile ile kati ya nyusi, kana kwamba anasikiliza mtambo unaogonga. Nilimshika muda mrefu.

Flavia akanyanyua mkoba wangu. "Shangazi, umebeba mawe?"

"Nimebeba pasi."

"Pasi! Mama, njoo usikie! Anadhani huku tunanyoosha nguo kwa kuzilalia!" Wakacheka wote, hata Rachel. Nikacheka na mimi. Nikamalizia K pale sebuleni, mbele yao, nikaichomeka pasi nikaikandamiza. Kisha nikalikunjua blanketi juu ya kochi.

Odilia akapitisha mkono kwenye mishono, polepole. Anajua kazi. "Mkwe, hii ni kazi ya mikono. Haina kasoro." Halafu akalikunja. Akalikunja jina likaingia ndani, mara mbili, akaliweka juu ya kabati.

"Sisi huwa hatuandiki jina kabla wazee hawajakaa."

"Kwa Kalist walikaa lini? Alipotoka tu mlishamwita."

"Babu yule alikuwa na kihamba chake."

"Na mtoto huyu amezaliwa wapi, mkwe? Hewani? Kihamba si hiki hiki?"

Faustin alikuwa anakula mtori, anatazama bakuli kama anasoma. "Mama, tutaongea," akasema.

"Lini?"

"Tutaongea tu."

Rachel ameinamisha kichwa juu ya mtoto. Hilo limeniuma kuliko lile neno la jikoni.

Jumapili, 6 Julai

Naandika chumba cha wageni. Mlango nimeutia komeo.

Ilikuwa hivi. Flavia alileta gauni la ubatizo kutoka Dar, lesi nyeupe, limekunjwa begini chini ya viatu. Asubuhi wakalitoa — kama karatasi iliyofungiwa sukari! Wakachomeka pasi yao. Ya mvuke, pacha wa ile yangu ya Krismasi. Umeme wa leo ni mdogo, taa zenyewe zinasinzia. Inawaka, inajizima. Inawaka, inatema, inajizima. Flavia anaipiga kofi. Odilia anasema Misa ni saa tatu, jamani, saa tatu!

Kisha wakanigeukia. "Shangazi, ile pasi yako..."

Nikasema leteni gauni. Wakaleta. Nikaingia nalo humu, na pasi, na blanketi nililolishusha kabatini wakiwa wananitazama. Umeme mdogo unaichelewesha pasi hii, lakini haijizimi. Imepata moto.

Nimetandika blanketi kitandani, jina juu. Gauni nimelilaza juu ya jina. Wakagonga.

"Mkwe, bado?"

"Padre atauliza mtoto anaitwa nani," nikasema. "Mtamjibu nini?"

Flavia akasema hilo ni lesi ya nailoni, shangazi, angalia, litayeyuka! Sitaliunguza. Sijawahi kuunguza nguo ya mtoto maishani mwangu. Kitambaa chenye unyevu kiko tayari na moto nimeushusha. Lakini wao hawalijui hilo, na siwaambii.

Faustin: "Mama, naomba gauni. Tafadhali. Watu wanasubiri kanisani."

"Na mimi nasubiri. Nimesubiri tangu Aprili. Ulisema tutaongea."

Odilia akaanza kuongea Kichagga, haraka, si kwangu. Nimeishi hapa nusu karne, naelewa zaidi ya wanavyodhani. Alikuwa anamwambia Rachel: nenda, ni mama yako, mwambie afungue.

Nikasikia hatua zake. Nikasikia mtoto akinung'unika karibu na mlango. Nikaweka mkono kwenye komeo, maana huyu nitamfungulia, nilijua nitamfungulia.

"Mama," Rachel akasema. "Usifungue kwanza."

Kisha akawageukia. Hakupaza sauti. Akasema, kwa Kiswahili, kaeni tuongee jina.

Mtoto ameanza kulia, naye hambembelezi. Sasa mtu anavuta kiti huko sebuleni. Na kingine —