Maji ya Baba Mkwe

3 Mei

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua kila ukiinamia matangi yako ya samaki. Mimi ni mzima, na aliyemo tumboni anapiga mateke mpaka nashtuka.

Naandika kwa sababu chumba chetu hapa ukweni kimegawanywa kwa mbao. Nikikupigia simu, mama mkwe anajibu kabla yako.

Baba, wale samaki wa dhahabu ulionipa nimletee baba mkwe zawadi wamekufa wote. Nikanunua wengine dukani, nao wanakwenda mmoja mmoja. Jana mama mkwe alisema mbele ya wageni kwamba mkono wangu hauna baraka, kila kiumbe ninachokileta kinazikwa. Halafu akalitazama tumbo langu. Mume wangu aliendelea kutafuna.

Sikubali. Nimeosha matangi yako tangu nikipanda kigoda ili niyafikie. Niambie nianzie wapi, kabla hawa wawili waliobaki hawajawafuata wenzao.

Binti yako

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujapona, ila tumezoeana. Nimefurahi kusikia mjukuu wangu ana miguu yenye nguvu.

Zima taa ya tangi, uwatazame kwa mwanga wa dirisha. Wana vidoa vyeupe kama chembe za chumvi? Wanajisugua kwenye mawe? Wana utando kama pamba, au mapezi yaliyoliwa kingoni? Tazama na matamvua ya kupumulia kama yanakwenda mbio. Kisha niambie habari za wenyeji, wale samaki wa baba mkwe wako waliokuwemo tangini tangu zamani, maana wagonjwa peke yao hawatoshi kukupa jibu. Usimwage dawa yoyote kabla hujajua. Dawa ya kubahatisha inaua kuliko ugonjwa.

Ya mama mkwe yaache yapite. Vumilia, mama.

Baba yako

19 Mei

Baba,

Shikamoo, na pole na mgongo. Mimi na mtoto tu wazima.

Nimewatazama. Hakuna doa, hakuna pamba, mapezi mazima ila wameyabana mwilini. Wanahema juujuu midomo wazi, na mmoja analala ubavu. Wale wenyeji watatu wa baba mkwe wananenepa tu kama wajumbe wa kamati.

Nikamuuliza baba mkwe huwa anabadilisha maji lini. Akacheka. Maji yale hayajamwagwa tangu mume wangu akiwa shule ya msingi. Yakipungua anaongeza jagi moja, basi. Anajivunia kabisa, wageni huwaambia, "Haya ni maji ya ukoo."

Nikachovya zile karatasi za kupimia sumu ya maji ulizonipa. Rangi ilikwenda mpaka mwisho wa kipimo. Nikamtoa yule aliyelala ubavu, nikamweka kwenye beseni la maji ya bomba yaliyokaa usiku kucha ili dawa yake itoke, na pampu ya hewa pembeni. Sasa anaogelea na kudai chakula. Wifi yangu anasema nimemfanyia uganga.

Niambie kama nimekosea.

Binti yako

27 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hukukosea hata kidogo.

Samaki mgeni akiugua na wenyeji wakawa wazima, usikimbilie kumtibu samaki, pima maji. Kinachokauka kwenye tangi ni maji peke yake. Kinyesi na mabaki ya chakula vinabaki, na jagi la baba mkwe wako haliviondoi. Wenyeji wameingia kwenye sumu hiyo polepole mpaka wameizoea. Mgeni anatumbukizwa mara moja. Lakini usiyamwage yote kwa hasira, utawaua wale wazee. Toa kidogo, weka kidogo, pumzisha, rudia.

Baba mkwe mwambie kwa adabu. Na wewe vumilia, watakuzoea.

Baba yako

9 Juni

Baba,

Shikamoo. Afya ninayo, subira imeniishia.

Nilimwambia kwa adabu, mume wangu akiwepo. "Baba, samaki hawana mkosi. Maji ndiyo yamechoka." Akasema maji yake hayajawahi kumuua mtu. Mama mkwe akasema sina hata mwaka hapa na tayari nataka kumwaga mali ya ukoo. Nikaamriwa nipige magoti niombe radhi. Nikasema tumbo hili haliniruhusu kupiga magoti, na hata lingeniruhusu nisingepiga.

Sasa nina neno na wewe. Umeniandikia vumilia, ukarudia. Lakini ni wewe uliyesema mgeni akiugua tupime maji. Mbona kwangu unamtibu samaki? Nilikuja hapa nacheka. Siku hizi nalia bafuni bomba likiwa wazi, na nyumba nzima inasema kasoro ni yangu. Mke wa shemeji yangu mkubwa alikaa humu kabla yangu, naye akaitwa mkosi, akaondoka amekonda. Mume wangu si mtu mbaya. Amezaliwa humu, hasikii harufu.

Sitamlea mtoto wangu humu akaja kudhani ndivyo watu wanavyoishi. Nimepata chumba karibu na kazini, anwani iko nyuma ya bahasha. Usiniombee uvumilivu tena, baba. Nimekasirika na wewe, na bado nakupenda.

Binti yako

4 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na pole na kuhama na mzigo huo tumboni. Barua yako nimeisoma, nikairudia. Neno lile sitaliandika tena.

Mama mkwe wako alikuja hapa na mumeo, anataka nikurudishe. Niliwapa chai. Nikamwambia binti yangu hajapotea, amehama. Akasema nimekuharibu. Nikamjibu ni kweli, nilimharibu tangu mdogo, nilipomfundisha kupima kabla ya kulaumu. Chai hakuimaliza.

Mumeo alimwachia mama yake maneno yote. Mama yake alipotangulia nje, yeye akabaki mlangoni, akaniomba anwani yako. Sikumpa. Nimemwambia mwenye nyumba ni wewe, nitakuuliza kwanza. Nimjibu nini?

Baba yako

12 Julai

Baba,

Shikamoo. Mpe. Mwambie aje peke yake, na aje na maneno yake mwenyewe.

Binti yako