Bahasha ya Ukutani kwa Bi Mwanaisha

Jumamosi jioni, Julai 1984. Baridi kali, mawingu tangu asubuhi, na mimi nacheka peke yangu humu chumbani Kaloleni mpaka jirani amegonga ukuta kuuliza kama niko salama.

Leo nimeaibika. Wallahi nimeaibika, lakini aibu yenyewe tamu.

Sebuleni kwa Bi Mwanaisha, kule Majengo, kuna fremu, na ndani yake bahasha ya miaka ya thelathini. Marehemu mumewe alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja. Yule Mzungu aliporudi kwao Uingereza alimwandikia, na barua ikaja kwa zile ndege za zamani zilizokuwa zikitua ziwani Kisumu. Stempu mbili za Mfalme, kibandiko cha buluu cha barua ya ndege, na mhuri unaosomeka kila herufi. Hata kona hazijachakaa! Mimi stempu zangu za kwanza nimeziokota kwenye pipa la taka la kampuni ninakofanya kazi ya stoo. Kitu kama hicho nilikuwa nimekiona kwenye picha tu.

Nilikigundua siku nilipoingia kununua vitumbua. Usingizi ukanipotea.

Sasa, huwezi kuingia nyumba ya watu ukasema nipeni kile cha ukutani. Kuna adabu. Kwa hiyo kila Jumamosi nikawa naenda na sukari, majani ya chai, siku nyingine nyama. Nakaa, najulia hali, nakunywa chai ya tangawizi, naikodolea macho bahasha, naaga. Nikijiambia siku moja neno litanitoka.

Nilichosahau ni kwamba chini ya ile fremu ndipo anapokaa Zaituni, mjukuu wake, na cherehani yake.

Leo nimekuta viatu vingi mlangoni. Ndani, Mzee Shabani, mjomba wake Zaituni, kaketi na kofia mpya, shangazi wawili pembeni, biriani inanukia. Nikadhani nimeingilia shughuli ya watu. Kumbe shughuli yenyewe ni mimi!

Mzee Shabani akakohoa. "Kijana, tangu mwanzo wa mwaka unaingia humu na sukari, na macho yako tunayaona yanakoelekea. Sisi si watu wagumu. Sema unachotaka."

Nikajua Mungu amenifungulia njia.

"Nataka bahasha, mzee."

Shangazi mmoja akauliza bahasha gani. Nikanyoosha kidole. Wote wakatazama ukutani, kisha wakamtazama Zaituni, kisha wakanigeukia mimi. Hapo ndipo nilipoelewa, na nikatamani kuingia chini ya mkeka. Bi Mwanaisha ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka leso ikamwanguka. "Ya Rabi! Sukari yote ile ni ya karatasi?"

Zaituni hakucheka. Alisimama, akaitungua fremu, akaipangusa vumbi taratibu, akaitundika palepale. "Bahasha hii babu aliniachia mimi," akasema. "Haitoki nyumba hii mpaka nitoke nayo mwenyewe."

Akarudi kwenye cherehani. Lakini nilimwona anavyojizuia, na kicheko kilipomponyoka nikagundua ana mwanya. Miezi yote hii nimekaa mbele yake, na leo ndiyo kwanza najua ana mwanya. Ama kweli mimi ni punguani.

Tukala biriani. Wamenitania mpaka alasiri, na Mzee Shabani sasa ananiita Bwana Bahasha. Nina hakika jina hilo limeshafika sokoni Gikomba.

Hapa nimefungua albamu yangu ya stempu. Kuna ukurasa niliouacha mtupu kwa ajili ya bahasha ile, na kila Jumamosi nikitoka Majengo huwa nakaa nikiupima kwa macho. Leo nimejaribu kuukumbuka ule mhuri, nimeshindwa. Nakumbuka mtu anayejizuia kucheka.

Naogopa kidogo, nisidanganye. Huenda alikuwa ananifanyia mzaha tu, na haki anayo.

Ila nitarudi Jumamosi, na sukari mara mbili ya ile ya leo. Mzee Shabani akiniuliza tena nataka nini, sitanyoosha kidole ukutani. Nitamtaja mwenye bahasha.