Ntumba za Kutazamwa

Sumbawanga, 28 Novemba 2024

Mama mpendwa, shikamoo. Mimi mzima, ila kifua kinanisumbua. Goti lako linaendeleaje?

Mama, nimepata watalii! Zile picha za shamba letu nilizopiga kwa droni nimeziweka mtandaoni, na kikundi kimoja kinataka kuziona ntumba zetu, yale matuta ya duara tuliyofukia nyasi. Watalala kwetu na kula ugali wa ulezi. Wanafika tarehe 12 Januari. Nakuomba usizivunje mpaka wafike, maana ukishazisambaza watakuja kuona nini?

Mwanao,
Zephania

Mwimbi, 9 Desemba 2024

Mwanangu, salamu nyingi. Goti ndilo hilo, mimi na lenyewe tumeshazoeana. Kunywa tangawizi.

Umesomea utalii ukasahau kulima. Ntumba si kaburi la kutazamwa. Inavunjwa ili ulezi uote kwenye nyasi zilizooza. Mvua imeshashika, jirani yetu Luciana kavunja zake na ananicheka. Nina debe moja tu la mbegu ya bibi yako, na hapa Mwimbi hakuna mwingine aliyenayo. Ila tangu baba yako afariki hujawahi kuniomba kitu. Nitasubiri hadi hiyo tarehe 12.

Mama yako

Sumbawanga, 20 Januari 2025

Mama, shikamoo. Nisamehe kwa kimya, niliona aibu. Wageni wameahirisha, wanaogopa barabara za masika. Wanasema watakuja Juni. Nilidhani watabadili mawazo, ndiyo maana sikukuandikia mapema. Kama bado hujapanda, panda.

Mwanao,
Zephania

Kasesya, 3 Julai 2025

Mwanangu, salamu. Sijambo. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na neno jema.

Tarehe 12 ilipita, nikazidi kuwasubiri wageni wako hadi barua yako iliponifikia tarehe 27 Januari. Kesho yake nikavunja ntumba, nikamwaga mbegu yote. Ulezi uliota vizuri, lakini mvua ilikata Machi ukakauka kabla ya kutoa masuke. Sikupata hata kiganja. Nimeuliza mpaka vijiji vya jirani, mbegu ile haipo tena.

Sasa niko kwa dada yangu Rozina hapa mpakani, nawapikia madereva wa malori uji wa unga wa dukani. Nasikia wageni wako walifika, wakapiga picha nyumba iliyofungwa, wakaondoka.

Nakupenda, Zephania, lakini nina hasira nawe na sijui itaisha lini. Usije kunichukua. Shamba nimemwachia Luciana, anapanda mahindi.

Mama yako