Walinikataa kwa Sababu ya Mbuzi Waliobaki

Shangazi Mwanamisi,

Jumanne moja ya mwezi wa tatu mwaka huu nilinyimwa ruhusa ya kwenda kuishi na mke wangu ng'ambo, na sababu waliyoniandikia ni kwamba hawajaridhika kuwa yeye ni mke wangu. Nimeanza na hilo ili usilitafute. Naomba msaada wako, lakini nisikilize mpaka mwisho, kwa maana kila niliyemweleza ameanza kucheka nikifika kwa mbuzi.

Naitwa Gachau, nina miaka arobaini na tisa, naishi mtaa wa Landless hapa Thika, kazi yangu ni kuchomelea mageti, madirisha na milango ya chuma, nilianza na mashine ya kukodi na leo karakana ni yangu na nina mafundi sita, na kutoka Kamenu mpaka Ruiru mtu akijenga nyumba akitaka geti lisilolia likifunguliwa anatumwa kwangu. Mke wangu ni Emmah, tumekaa miaka ishirini na minne, tuna binti mmoja, Ngendo, yuko chuo kikuu. Miaka mitatu iliyopita Emmah alipata kazi ya kutunza wazee katika nchi moja ya baridi, sitaitaja kwa sababu sijamalizana nayo, na mwaka jana wakamkubalia aombe mumewe amfuate. Ngendo hapana. Ngendo ameshapita umri ambao wao huhesabu mtoto kuwa mtoto.

Sasa nikueleze jinsi nchi inavyochagua watu, kwa maana masharti yao nimeyasoma yote, hata yale ya maandishi madogo. Wanahesabu. Umri una alama, na ukikaribia hamsini zinakuwa zimekwisha kabisa, Kiingereza kina alama, digrii ina alama nyingi, na mtoto wa dada yangu ambaye hajawahi kushika nyundo ana alama mara tatu zangu kwa sababu ana digrii ya kitu ambacho hata yeye hawezi kunieleza. Mimi ninayeangalia mlango wa mtu mara moja nikakwambia ni futi ngapi, sina mahali pa kuandikwa. Kwa hivyo naingia kwa jina la mke wangu, na kwenye fomu wakaniita mtegemezi. Shangazi, watu sita wananitegemea wao na watoto wao, na mimi ndiye mtegemezi. Nililimeza hilo pia.

Siku ya kupimwa afya nilipanga foleni na mtu anaitwa Samir, anauza viatu Ruiru, alikimbia vita kwao na amesubiri nchi ya kumchukua tangu Ngendo akiwa shule ya msingi. Tukalinganisha maswali tuliyoulizwa kwenye fomu. Yeye alitakiwa athibitishe hofu yake, mimi nithibitishe mapenzi yangu. Akaniambia, "Ndugu, heri wewe, mapenzi yana picha." Tulicheka. Picha nilikuwa nazo bahasha nzima.

Basi ikafika siku ya mahojiano. Ofisa alikuwa mama mpole, sina ubaya naye. Akauliza kama tulioana kanisani au kwa serikali, nikasema kimila. Akauliza kama mahari imelipwa yote. Mimi ni mtu wa hesabu, ukiniuliza vyuma vilivyobaki stoo sikuambii "viko", nakuambia ni kumi na saba. Nikamwambia bado. Akauliza imebaki kiasi gani. Nikamwambia mbuzi arobaini na mmoja, blanketi la nyanya yake Emmah, na tangi la maji tulilokubaliana mwaka ule wa kiangazi. Akaandika. Niliona akiandika arobaini na moja na nikafurahi kwamba ameandika sawasawa.

Kumbe Emmah naye alikuwa ameulizwa swali hilo hilo kule aliko, na akajibu kwamba ndiyo, mahari ilitolewa. Hakudanganya. Siku ya mambo hayo wanawake hawaketi chumba cha wazee wanaohesabu, wao wako nje na sufuria, na ngurario, ile sherehe ya kufunga ndoa kimila, tulifanya, bega la mbuzi nililikata kwa mkono wangu, wazee wakala, kwa hivyo kwake yeye iliisha siku ile. Nami sikudanganya, kwa sababu kwetu mkwe hawezi kusema amemaliza ruracio, yaani mahari. Ukisema umemaliza umesema umenunua. Lakini wao wakaweka majibu mawili pamoja, huyu anasema ndiyo, huyu anasema bado na ana idadi, wakaandika kwamba wahusika hawakubaliani kama ndoa yao ilikamilika. Kuhusu ngurario hawakuuliza nami sikusema, mtu hujibu alichoulizwa.

Sasa hapa ndipo pananisumbua. Siku nilipopata barua ya kukataliwa nilirudi karakana, nikavua suti, nikavaa ovaroli na kumalizia geti la mama mmoja wa Kamenu. Fundi wangu Kitonga akazima mashine yake akanitazama.

"Bosi, umepata viza?"

"Nimenyimwa."

"Ah. Na mbona unapiga mluzi?"

Sikuwa nimejua napiga mluzi. Nikamwambia ashike kazi yake. Akasema, "Sawa, lakini mtu akinyimwa kitu anapiga kelele, hapigi mluzi." Na hilo limenikaa kifuani, kwa sababu ni kweli, nimekasirika mpaka leo kwa vile walivyonikataa, lakini usiku ule nililala kama mtu aliyetua gunia la saruji.

Nilipompigia Emmah kumwambia, nilisikia maji, alikuwa akiosha vyombo. Halafu akaniuliza kama ule mparachichi wa nyuma ya nyumba umezaa. Nikamwambia umezaa mpaka tumeyaegemezea matawi vijiti. Akasema, "Msiuze yote, mniwekee." Yaani angefika lini, sijui. Kisha akasema nikate rufaa, mwisho ni tarehe thelathini mwezi huu, na babake aandike barua kwamba mahari imekwisha.

Jumapili nikaenda Ruiru kwa Mzee Gichuru, baba ya Emmah, na sukari, unga na majani ya chai, maana mkwe haendi mikono mitupu hata akienda kuomba karatasi. Nikamweleza. Akanisikiliza vizuri, akaweka kikombe chini.

"Imekwisha? Nani amekuambia imekwisha?"

"Haijaisha, Mzee. Ni kwa ajili ya hao wazungu tu."

"Mimi niwaandikie wazungu uongo wa nyumbani kwangu?"

"Ni barua tu, Mzee."

"Gachau, nikiandika imekwisha, siku nikizikwa utakuja kama nani? Jirani?"

"Nitakuja kama mkwe."

"Mkwe ni mtu mwenye deni kwangu. Asiye na deni ni mteja." Akanisukumia chai. "Kunywa, inapoa. Na lile tangi la maji linakuja lini?"

Nilitoka pale bila barua, na Shangazi, nilikuwa mwepesi tena. Kitonga anasema niandike mwenyewe na nimwekee mzee sahihi, kwani nani atajua. Kwa hivyo swali langu ni moja: nimshurutishe mzee, nifanye ya Kitonga, au nimwambie Emmah kwamba babake amekataa na tuachie hapo? Sitaki kuzungushwa. Nataka jibu la moja kwa moja Jumamosi hii, kwa sababu ile tarehe thelathini hainisubiri.

Gachau, Landless, Thika
(Jina liandike. Sijaiba.)

*

Gachau,

Pole. Kuambiwa na mgeni kwamba mke wako si mke wako ni tusi hata likiandikwa kwa heshima. Na mimi pia nilicheka nilipofika kwa mbuzi, nisikufiche, lakini nilipofika kwa mzee niliacha.

Nianze na lililo rahisi. Usiweke sahihi ya mtu. Kitonga ana sikio zuri la mluzi, lakini kwa ushauri wa karatasi arudi kwenye chuma chake. Nchi iliyohoji mpaka blanketi la nyanya haitashindwa kuhoji mkono wa mzee, na siku hiyo utakuwa umeharibu jina lako na kazi ya Emmah kwa kalamu moja.

Punguza pia hasira na nchi ya watu. Wewe unatengeneza mageti. Unajua hakuna anayenunua geti ili kila mtu apite, na unajua vilevile kwamba geti lililopimwa vibaya humfungia nje hata mwenye nyumba. Hawa walikupima vibaya. Kipimo chao kinajua digrii na umri, hakijui bega la mbuzi. Hilo ni kosa lao. Kosa lako ni kwamba mama wa watu alikuuliza juu ya ndoa ukamsomea hesabu ya stoo. Ati mtu hujibu alichoulizwa. Mteja akikuuliza bei ya geti bila kutaja bawaba, wewe humwuzii bila bawaba.

Mzee Gichuru mwache na maneno yake, ni ya kweli yote. Barua uliyomwomba ndiyo mbovu. Rudi Ruiru umwombe barua nyingine, isiyo na neno "imekwisha" ndani yake: kwamba mwaka fulani, nyumbani kwake, mbele ya wazee wa pande mbili, ngurario ilifanywa na Gachau akakata bega, na tangu siku hiyo Emmah ni mke wake, na kwamba mahari katika mila yenu huendelea maisha yote kwa sababu ni undugu. Wazee wawili waliokuwepo watie sahihi. Hapo mzee hajasema uongo, wewe hujawa mteja, na majibu yenu mawili yanakuwa jibu moja. Ongeza hili: sheria ya ndoa ya hapa Kenya inakubali hata sehemu ndogo ya mahari iliyotolewa kuwa ushahidi wa ndoa ya kimila. Mwone wakili akupe kifungu chenyewe uambatishe, na akuongoze wewe na Emmah jinsi ya kuisajili ndoa yenu, kwa kuwa miaka ishirini na minne mmeiacha bila cheti kama geti bila kitasa. Fanya hivyo uende ng'ambo usiende. Mjane bila cheti husumbuliwa hapa hapa Thika, na hakuna ofisa mgeni anayehusika.

Umeona? Haikuwa ngumu. Mtu mwenye hesabu kama zako angeiona kabla ya kumaliza ile chai. Kwa nini hukuiona?

Kwa sababu hukutaka kuiona. Umeniandikia kurasa nzima za malalamiko, na katikati yake kuna mtu analala vizuri. Alinyimwa akapiga mluzi, akakataliwa na mzee akawa mwepesi. Sasa unataka nikuruhusu umwambie Emmah "babako amekataa". Unamfanya mzee wa watu awe kufuli la mlango ambao wewe mwenyewe hutaki kuufungua. Usimtwishe mzee gunia lako.

Kufarijika si dhambi, Gachau. Una karakana, una binti ambaye hakuhesabiwa, una umri ambao kule ungeanza upya ukiitwa mtegemezi. Ningekuwa wewe pengine ningepiga mluzi mkubwa zaidi. Samir wa viatu hana pa kurudi, ndiyo maana anasubiri bila kuuliza. Wewe unachagua, na anayechagua lazima aseme. Ubaya ni kumwacha mwanamke aliye mbali akusanye karatasi za rufaa, akilipia kwa mgongo wake, kwa ajili ya mtu aliyekwisha kubaki.

Na huyo mwanamke umemsikia? Alipoambiwa mumewe amenyimwa aliulizia parachichi. Akasema awekewe. Sijui maana yake, mimi si mganga. Labda anakusubiri huko kwa moyo wote, na kama ni hivyo utakata rufaa au utamwambia usoni kwa nini hukati. Labda naye amechoka na baridi na anaogopa kukuambia, akidhani wewe ndiye unayetaka kwenda. Nimeona nyumba mbili au tatu za namna hiyo, mume na mke kila mmoja akimvuta mwenzake kuelekea mahali ambapo hakuna kati yao anayetaka kufika. Hujui, kwa sababu kila mlichoulizwa kuhusu ndoa yenu mliulizwa na ofisa. Ninyi wenyewe hamjaulizana.

Jumapili hii, kabla ya kwenda Ruiru, mpigie Emmah. Usianze na babake, usianze na mbuzi. Mwambie hivi: "Waliponinyima nilifarijika. Wewe je?" Kisha nyamaza, hata akifungulia maji. Barua ya mzee utaichukua baada ya hapo, na rufaa mtaikata au mtaiacha mkiwa wawili, mkijua mnachokifanya.

Ulitaka jibu la moja kwa moja Jumamosi hii. Umepata. Sasa ni zamu yangu. Ukurasa huu unafungwa Jumatano saa kumi jioni, na kabla ya saa hiyo nataka neno moja kutoka kwako, bila idadi na bila blanketi. Unataka kwenda, au hutaki?

Shangazi Mwanamisi