Mkono wa Kassim

Jumatatu, 7 Julai

Mazoezi ya jioni kama kawaida. Tumefukuza mbuzi wa jirani, tumepanga besi zetu, yaani magunia manne ya mchanga, tumeanza. Mpira mmoja umeingia mikokoni. Nimeufuata, matope hadi magotini, kaa wananitazama. Sikuupata. Tukiendelea hivi tutacheza besiboli na madafu.

Juzi tumefungwa tena nyumbani, hapa hapa Gazi. Na nani? Na vijana wa Msambweni, ambao mwaka jana hawakujua hata gongo linashikwa upande gani. Tisa kwa mbili. Timu yetu ndiyo iliyokuwa ikiogopwa kutoka Vanga mpaka Ukunda. Wachezaji ni walewale. Kocha ni yuleyule. Basi kumeharibika nini?

Najua kumeharibika nini. Kulisema ndiko kazi. Kocha wetu ni Mzee Hamadi, baba yake Mwanamisi, na Mwanamisi ni mke wangu.

Jumatano, 9 Julai

Mimi ni mdakaji. Nachuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea kila anachorusha Kassim. Zamani kiganja changu cha kushoto kilikuwa kinavimba ndani ya glavu. Mwanamisi alikuwa akinikanda kwa maji ya moto na chumvi, huku akinicheka, eti mwanamume mzima analizwa na kijana wa juzi.

Leo nimerudi mazoezini, kiganja hakiumi. Hata kidogo. Nimekaa kizingitini nakitazama. Mpira wa Kassim umekwisha nguvu.

Kocha anamrushisha kila mechi, mwanzo mpaka mwisho. Tunao warushaji wengine wawili, wanakaa pembeni wanatafuna mabuyu. Mwezi wa tano nilimgusia, kwa adabu zote, baada ya shikamoo na habari za nyumbani. Akanijibu: "Kassim ni mkwezi. Mkono wa mkwezi hauchoki."

Mkwezi ni kweli. Tangu baba yake afariki, Kassim anakwea minazi ya watu na ile ya kwao, anaangua nazi, na kwa mkono huo huo Bi Mwanakombo mama yake anakula. Sisi tunauchezea mpira. Yeye ndio unaomlisha.

Jumamosi, 12 Julai

Ukunda. Tumefungwa kumi na moja kwa moja. Sina la kuandika ila aibu.

Lakini hili nitaliandika. Katikati ya mechi nilimwona Kassim anajifuta jasho kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameuacha unaning'inia tu. Nikasimamisha mchezo, nikamwendea.

"Mzima mimi, kaka. Mzee asisikie."

Nikageuka kumtazama mzee. Yuko kwenye kiti chake cha plastiki, miwani myeusi, anapiga makofi. Alikuwa akituelekea sisi. Hakumtoa.

Njiani kurudi akasema tumerogwa. Eti kuna mtu ameona yai limefukiwa karibu na besi ya nyumbani. Wote wakaitikia, na watu wazima wamo. Yai! Wallahi, yai lingekuwa na uwezo huo ningelisajili mimi mwenyewe lije lirushe, Kassim apumzike.

Jumapili, 13 Julai

Mutua, mwenyekiti wetu, amekuja gereji. Nilikuwa chini ya pikipiki ya watu, akaongea na miguu yangu. Wazazi wake walitoka bara wakapewa shamba hapa akiwa bado anabebwa mgongoni, leo ana duka la misumari na mabati, lakini ulimi wake haujafika pwani.

"Captain, huyu mzee tumfute tu, story iishe."

Rahisi kwake. Yeye hana mkwe hapa.

Ameitisha kikao Ijumaa. Anataka mimi ndiye niseme, mbele ya wazee na mbele ya kocha, kwa sababu nikisema mimi hakuna atakayedai ni chuki ya mtu wa kuja. Nimekubali. Alipoondoka spana ikanianguka kifuani.

Mwanamisi sijamwambia.

Jumanne, 15 Julai

Ameshajua. Gazi siri haikai hata usiku mmoja.

Hakupiga kelele, bora angepiga. Ameniwekea wali na papa mezani, kisha akaenda kula jikoni na Zuhura, binti yetu. Mtoto akauliza kwa nini baba anakula peke yake.

Baadaye Mwanamisi alisema neno moja tu: "Aliyekufundisha kuvaa glavu ni nani?"

Ni yeye. Baba yake. Alikuwa mhudumu wa bwawa la kuogelea katika hoteli moja ya Diani, akaujua mchezo huu kwa mgeni mmoja, akarudi kijijini na glavu kuukuu na gongo lenye ufa. Watu walimcheka wakachoka. Pale uwanjani palikuwa jalala, amepasafisha kwa jembe lake. Sisi sote tumeota meno mikononi mwake. Nani wa kumwambia amekosea? Na hiyo ndiyo sumu yenyewe. Hakuna.

Ijumaa, 18 Julai

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Kikao kilikuwa darasani, baada ya alasiri. Wazee mbele, wachezaji nyuma, Kassim karibu na mlango na fulana ya mikono mirefu kwenye joto lile. Mutua akakaribisha watu. Maneno yangu nilikuwa nayo tayari, nimeyarudia tangu alfajiri. Wachezaji wengine nao warushe. Kassim apumzishwe mpaka apone. Kama kocha hataki, akae kando. Basi.

Kabla Mutua hajanipa nafasi, Mzee Hamadi akasimama. Akavua kofia.

"Jamaa zangu, mwanadamu hakosi kukosea. Kama kuna niliyemkosea katika timu hii, kwa kujua au kwa kutojua, naomba radhi. Mniwie radhi kwa ajili ya Mungu."

Akazunguka. Akampa kila mtu mkono, mzee na kijana. Aliponifikia alinishika kwa mikono miwili. Macho yalikuwa yamemlowa. Kweli yalilowa, sitamsingizia. Wazee wakasema: tumekusamehe, na sisi utusamehe. Mmoja akasema: "Al-Fatiha."

Mikono ikainuliwa. Na yangu ikainuka. Mutua Mkristo wa watu akainamisha kichwa. Tukasoma, tukajipangusa nyuso, chai ikaletwa na mahamri.

Basi yamekwisha. Jambo likishasomewa Fatiha, atakayelifufua ndiye mbaya. Nimebaki na maneno yangu mdomoni kama mtu aliyebwia ugali wa moto, siwezi kumeza wala kutema. Kaomba radhi ya nini? Hakusema. Hakuna aliyemwuliza. Tumemsamehe kosa ambalo halina jina, na kosa lenyewe liko palepale, karibu na mlango, linakunywa chai kwa mkono wa kushoto.

Mutua aliniuliza nje: "Sasa hiyo ilikuwa nini, captain?"

Nikamwambia hicho ndicho kilichokuwa kikao.

Alhamisi, 24 Julai

Kocha amechangamka. Anasema mioyo imekuwa safi, sasa tutashinda. Jumamosi ni Jego, wanakuja kwetu. Nimemwuliza, mbele ya wote, nani atarusha.

"Kassim. Nani mwingine?"

Nikasema mkono wake una maumivu. Akamwita. "Eti una maumivu, mwanangu?" Kassim akatazama chini, akasema hana. Angesema nini? Mtoto yatima, anaulizwa mbele ya watu na mtu anayemwita baba. Kocha akanigeukia: "Si nilikwisha kuwaomba radhi? Kumbe wewe bado una kitu moyoni?"

Watu wamenitazama kama mimi ndiye niliyefukia lile yai.

Jumamosi, 26 Julai

Nimesikia kabla sijaona. Mlio mdogo, kama kuti kavu linapovunjwa. Mpira haukunifikia. Ulianguka katikati, ukabingirika kidogo, ukasimama.

Kassim hakulia. Alikaa chini tu, akaushika mkono wake kwa mkono mwingine, akauweka pajani.

Hatukumaliza mechi. Sijui hata ilikuwa ngapi kwa ngapi. Kwa mara ya kwanza sijui, wala sitaki kujua.

Jumatatu, 28 Julai

Nimempeleka hospitali mimi. Daktari, msichana mpole, ameeleza mara mbili ili tuelewe. Kano za begani zimekatika. Hazikukatika siku moja, zimekuwa zikichanika polepole kwa muda mrefu. Kuna upasuaji, huko Mombasa, na hata akifanyiwa hawezi kuahidi. Kassim hakuuliza habari ya mpira. Ameuliza atakwea lini.

Daktari akasema asifikirie kukwea sasa.

Akauliza tena, kama hakusikia. "Nimekuelewa, daktari. Lakini nitakwea lini?"

Nilitoka nje. Nimelia nyuma ya pikipiki yangu, hadharani. Walioniona wameniona.

Ijumaa, 1 Agosti

Mzee Hamadi alituma mtu: baada ya sala ya Ijumaa anakwenda kwa Bi Mwanakombo kuomba radhi, na mimi mkwewe nifuatane naye, ndiyo desturi. Nilitaka kukataa. Mwanamisi akanitolea kanzu. Nikaenda.

Tulikaa mkekani. Bi Mwanakombo amejifunga leso kiunoni, ametoka kukuna nazi. Kassim amelala ndani, pazia liko wazi. Mzee akavua kofia. Maneno yaleyale. Mwanadamu hakosi kukosea. Kwa kujua au kwa kutojua. Akainua mikono aanze Fatiha.

Mimi yangu niliiacha magotini.

Aliona. Alisita, midomo imefunguka. Sikuiinua. Ilibidi asome peke yake na mwenye nyumba, na sauti yake ikawa inakwenda ikififia.

Alipomaliza, Bi Mwanakombo alijipangusa uso, akasema taratibu kabisa, bila ubaya:

"Radhi nimekupa, Hamadi. Na Mungu akupe. Sasa niambie, nazi nani ataniangulia?"

Kuku aliingia, akatoka.

Njiani nikamwambia mzee. Nimemwita baba, kama siku zote, na sikupandisha sauti. Nikamwambia, "Baba, siku ile Ukunda ulimwona anajifuta kwa kushoto. Ulikuwa unatutazama."

Alitembea hatua kadhaa. Nilidhani atanilaani.

"Nilimwona, mwanangu," akasema. "Nilitaka tushinde."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza kosa limetajwa. Nilidhani nikilisikia nitapata nafuu. Sikupata.

Usiku Mwanamisi akaniuliza kama nimemwambia baba yake. Nikasema ndiyo. Kisha akaleta sahani yake mezani, akala karibu nami. Alikuwa analia na anakula.

Jumanne, 5 Agosti

Mzee ameleta mfuko wa glavu hapa nyumbani, ameuacha barazani, hakubisha hodi. Mutua anataka niwe kocha. Nimemwambia aniache kwanza. Mbuzi wamerudi uwanjani, hakuna wa kuwafukuza.

Mbaya zaidi, watu wameanza kusema mzee ameonewa. Ameomba radhi mara mbili, wanasema, mnataka nini tena? Sijui tunataka nini. Nataka bega la Kassim.

Jumapili, 10 Agosti

Asubuhi, mvua ndogo, kisha jua. Nilikuwa nampelekea mtu pikipiki yake, nikapita kwa Bi Mwanakombo.

Mzee Hamadi alikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mnazi mfupi, na upembo mikononi, ule mwanzi mrefu wenye kulabu nchani wa kuangulia. Anainua, anavuta, anakosa. Kofia imeanguka, hakuiokota. Kassim amekaa kizingitini, mkono umefungwa shingoni kwa leso ya mama yake. Anamtazama.

"Kushoto kidogo," Kassim akasema. "Shika kikonyo, si nazi."

Mzee akajaribu. Akakosa.

Nikaegesha pikipiki. Nikamsalimu, shikamoo baba, akaitikia marahaba bila kugeuka. Nikaushika upembo kwa nyuma yake, tukauinua pamoja. Tumeangusha nazi tatu. Bi Mwanakombo akatoka, akaziokota, akasema ahsanteni, akarudi ndani.

Ule mnazi mfupi ni mmoja. Mingine yote ni mirefu. Hatukuitazama.