Vitambaa vya Ukutani

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Tone limeanguka tena. Safari hii ndani ya uji wa mwanangu Wanza. Maji ya choo cha ghorofa ya juu! Nimemwaga uji wote, nimesugua sufuria mpaka vidole vikauma, na bado naona kinyaa kupikia humo. Ukuta wa kitandani umekuwa mweusi, ukiugusa unateleza. Daktari alishasema dawa hazitamsaidia mtoto kifua akiendelea kulala hapo. Alale wapi? Chumba ni hiki kimoja, na pazia katikati.

Jumatano, 9 Aprili

Ofisi ya nyumba tena. Kwenye ukuta wao — mkavu, umepakwa rangi juzi — kuna tangazo ndani ya fremu: mpangaji ana haki ya kurekebishiwa upesi chochote kinachohatarisha afya. Nikamsomea karani, Maundu, kwa sauti. Akaendelea kumenya chungwa. Eti Gikonyo wa ukaguzi atapita any time, nisubiri. Nikamwambia choo kinavujia chakula cha mtoto. Akasema basi nihamishe jiko. Nilitamani kumtapikia mezani.

Ijumaa, 11 Aprili

Kesho jumuiya ya kanisa inasali kwangu, Kwaresima hii ni zamu yangu. Siwezi kukaribisha watu kwenye uvundo huu. Tena Kavindu, mwenyekiti wetu, macho yake hufika hadi chini ya kochi. Nimesugua ukuta kwa jiki. Tambara limetoka na ute mweusi, nikalitupa nje kwa kijiti. Kisha nimetundika shuka la maua na vitambaa vyangu vyote vya kufuma. Pamependeza. Pua yangu tu ndiyo haidanganyiki.

Jumamosi, 12 Aprili

Gikonyo amekuja. Leo! Katikati ya rozari.

Kavindu akampa kiti na chai. Gikonyo akaangaza macho huku na huku, akasema, "Mama Wanza, nyumba yako iko sawa kabisa. Wewe hauna shida." Kavindu akaongeza kwamba mimi tangu zamani ni mtu wa usafi. Wenzangu wakatabasamu. Aibu ilinifunga mdomo, najichukia.

Alipoinuka kwenda, Wanza akaanza kukohoa, kile kikohozi cha kupiga filimbi. Nikalivuta shuka. Misumari na vitambaa vikaanguka pamoja. Weusi ulikuwa umesharudi, na maji ya kahawia yanateremka taratibu. Vikombe vikawekwa chini. Kavindu akaziba pua kwa leso, akaniuliza polepole, "Mwana analala hapa?"

Nikamwambia ndiyo, hapo hapo.

Gikonyo akasema simu ameiacha kwa gari, anaenda kuileta apige picha. Kavindu akamfuata, rozari mkononi. Wengine wamejaa mlangoni, wanachungulia. Mimi niko nyuma ya pazia na Wanza mapajani, naandika.

Gari limewashwa. Labda anageuza tu — lakini mbona Kavindu anapiga kelele, "Simama, hujapiga picha!"?