Mazungumzo ya Mume na Mke

Karatina, Juni 1971

Binti yangu Murugi,

Mvua imekubali huku na maharagwe yanachanua. Barua yako nimeipata. Ati nimeshindwa na Kiswahili cha ngumbaru, darasa letu la watu wazima, ati nisirudi darasani kumwaibisha bwana yako.

Je, Theuri alikuambia yote? Mwalimu, mgeni wa pwani, alitupanga wawili wawili tuigize mume na mke. Mimi akanipanga na Theuri, mkwe wangu ambaye hata meza moja hatuketi. Nimwambie, "Karibu chakula, mume wangu"? Nilitazama chini. Wanaume wakacheka, ati mama huyu ni mzito wa kichwa. Theuri alijua sababu, na alicheka nao.

Aliyeinuka ni Madhuben wa duka la nguo, ambaye hufunika uso mbele ya baba wa mumewe. Alisema, "Mama, kaa. Mimi tasema."

Mhindi alinielewa. Wewe niliyekuzaa umeamini kicheko.

Nimekuandikia kwa Kiswahili, kwa mkono wangu mwenyewe. Theuri akija huko Kerugoya Jumamosi, msomee, maana yeye bado hajaweza kusoma.

Ni mimi mama yako,
Wakonyo